Siku nyimbo zangu zilipoitwa zilipendwa

Ilikuwa Desemba 2018, harusini, inakaribia saa nne usiku. Watu wameshakula, hotuba zimekwisha, mshereheshaji amenikabidhi ukumbi. Nikaachia wimbo ambao miaka yote ulikuwa silaha yangu ya mwisho. Ukiingia huo, hata wenye viatu vya kubana husimama. Usiku ule walisimama watu sita, na wawili kati yao walikuwa wanaelekea msalani.

Mdogo wake bibi harusi, binti wa kama miaka ishirini, akaja mezani kwangu kwa adabu zote. Akaniinamia sikioni: "Anko DJ, samahani. Hizi zilipendwa tunaenda nazo mpaka saa ngapi?"

Neno lile lilinichoma. Angeweza kusema nyimbo za zamani. Kasema zilipendwa: zilipata kupendwa, na waliozipenda wameshamaliza. Na wimbo wenyewe kichwani mwangu ulikuwa mpya! Nilipofika nyumbani alfajiri, kabla sijavua hata viatu, nikatafuta ulitoka lini. 2005. Miaka 13. Mimi nilianza kazi hii 1992, nikimbebea spika mzee mmoja aliyekuwa akipiga santuri, na alipoweka kitu cha 1979 sisi vijana nyuma yake tulikuwa tunakonyezana. Ilikuwa miaka 13 vilevile.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayewapigia wengine muziki: DJ, mtangazaji wa redio, hata yule ambaye kila sherehe ya ukoo hukabidhiwa simu aichomeke kwenye spika. Usiku ule wenyewe haukunigharimu sana. Kilichonigharimu ni mambo niliyoyafanya baada yake.

La kwanza, nilitafuta mchawi. Nikampata haraka: vijana. Nyimbo zao hazina ujumbe, sauti inatengenezwa na kompyuta, zinaisha kabla hujakaa sawa. Halafu nikajishawishi kwamba shida ni vyombo vyangu, kwamba muziki mzuri hauwafikii watu kama inavyotakiwa. Mke wangu alinitazama akasema, "Wale hawakukimbia spika, wamekimbia nyimbo." Sikumsikiliza. Nikakopa, nikanunua spika mbili za besi na mixa mpya. Mkopo ule niliulipa kwa miezi 26, na katika miezi hiyo yapo maneno tulirushiana nyumbani ambayo sitayaandika hapa. Sherehe ya kwanza niliyopiga na vyombo vipya, watu walikaa vilevile, ila safari hii walikaa wakiwa wameziba masikio.

La pili lilikuwa baya zaidi, maana nilikurupuka upande wa pili. Nikapakua nyimbo mia moja zilizokuwa zikiongoza chati wiki ile, nikazitia kwenye flashi usiku kucha, nikasema sasa mtanikoma. Kazi iliyofuata ilikuwa sherehe ya miaka thelathini ya ndoa, watu wazima watupu, wakwe wamekaa meza ya mbele. Wimbo wa tatu ulianza vizuri, mdundo umetulia, nami nikajisifu moyoni. Ubeti wa pili ukafika. Matusi yaliyotoka mle sijawahi kuyasikia hata gereji. Nilishusha sauti, lakini sentensi ilikuwa imeshafika meza ya mbele na kukaa. Mwenye sherehe hakunigombeza. Alinitazama tu, akageuka. Salio la malipo yangu sikulidai, sikuwa na uso wa kulidai. Tangu siku hiyo hakuna wimbo unaotoka kwenye spika zangu hadharani kabla sijausikiliza mpaka tone la mwisho, na kama una toleo lililosafishwa, ndilo ninalobeba.

Aliyenitoa shimoni ni binti yangu, akiwa na miaka 14 wakati huo. Hakuwa na nia ya kunifundisha. Alikuwa jikoni anaosha vyombo, simu imeegemezwa dirishani, na mimi nilikuwa nangoja chai. Nikaona kila baada ya sekunde kumi, kumi na tano, anakausha kidole kwenye gauni, anagusa kioo, wimbo unaruka. Nyimbo nane zikapita na sufuria moja haijaisha. Nikamuuliza, "Sasa unasikiliza nini?" Akasema, "Natafuta unaoanza, Baba. Zako ndizo zinachelewa kuanza kabisa." Nikamjibu kwamba zao zinawahi kuisha. Tukacheka wote, lakini ule mzaha ulinikalia kichwani wiki nzima, kwa sababu tulikuwa tunasema kweli sote wawili.

Tukawekeana utaratibu. Jumapili jioni, yeye anapiga tatu, mimi napiga tatu. Hakuna kuongea wimbo ukiwa unaenda, hakuna kuruka, na wimbo wa mwenzako unausikiliza mara tatu katika wiki hiyo kabla ya kuutolea hukumu. Hizo mara tatu nilizibuni tu, baadaye ndipo nilipokuja kusoma kwamba mwanasaikolojia Robert Zajonc aliandika jambo linalofanana na hilo mwaka 1968: mtu huelekea kupenda kitu kwa kukutana nacho mara nyingi tu, hata kama hakuna kingine kilichobadilika. Kwangu ilikuwa hivi: mara ya kwanza nasikia kelele, mara ya pili nasikia mpangilio, mara ya tatu najikuta napiga kidole mezani. Si kila wimbo, maana ipo niliyoisikia mara kumi na bado naona ni kelele. Lakini katika kila nyimbo tatu, walau mmoja ulikuwa unanigeuza.

Hapo ndipo nilipokumbuka kanda. Wakati wetu kuruka wimbo kulikuwa kazi. Ubonyeze kitufe cha kupeleka mbele, ukisie, usimamishe, umepitiliza, urudishe. Betri zikiwa zinakaribia kufa, unaichomoa kanda, unaingiza kalamu ya wino yenye pembe kwenye tundu lenye meno, unaizungusha hewani mpaka mkono uchoke. Kwa hiyo tuliuacha wimbo tusioupenda upite. Ulipita mara hamsini. Leo ni kati ya zile ninazoziita bora kuliko zote. Nikajiuliza kwa unyofu: ni ubora, au ni uvivu wa kuzungusha kalamu?

Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma usiku, mimi niliyekuwa nasoma mabango tu. Na nilichokikuta kilinipunguzia hasira, kwa sababu karibu kila lawama niliyokuwa nikiwatupia vijana ilikuwa na mashine nyuma yake.

Chukua urefu wa wimbo. Santuri za zamani za inchi kumi, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba kama dakika tatu kila upande. Mwanamuziki akitaka asitake, wimbo uliishia hapo. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ikaleta santuri ndefu ya zaidi ya dakika ishirini kwa upande, na mwaka uliofuata RCA Victor ikaja na ndogo ya mizunguko 45. Rumba ya Kongo ilirekodiwa miaka mingi kwenye hizo ndogo, ndiyo maana nyimbo ndefu zilikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, geuza, sebene upande wa pili. Kuanzia 1976 santuri za inchi kumi na mbili zenye wimbo mmoja zikaanza kuuzwa madukani, na disko ikapata nafasi ya kunyoosha miguu. Leo, kwenye Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, wimbo huhesabika kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30. Kama ungekuwa wewe ndiye unayelipwa kwa hesabu hiyo, gitaa la dakika nzima ungeliweka mwanzoni? Kiitikio ungekileta mbele hata kabla ya salamu. Binti yangu hana haraka ya kuzaliwa nayo. Wanaotunga wanaandikia kidole chake. Na mimi niliyekuwa nalalamikia nyimbo fupi, babu zangu walicheza za dakika tatu na hawakuona zimepungua.

Lawama ya pili ilikuwa ngoma za mashine. Kampuni ya Roland walitoa mashine yao ya ngoma ya TR-808 mwaka 1980, na wengi wakaiona haisikiki kama ngoma halisi. Haikuuzwa vizuri, wakasimamisha kuitengeneza 1983. Zilizokwishatoka zikaishia kuuzwa mitumba kwa bei ya chini, wakazichukua vijana wasio na fedha za kukodi studio yenye mpiga ngoma, wakatengenezea hip hop na house. Besi ile inayotetemesha vioo vya magari leo ina damu yake mle. Kitu kilichoachwa kwa kuwa hakifanani na ngoma ndicho watoto wetu wanachokijua kuwa ngoma.

Sauti za kompyuta nazo. Auto-Tune, programu ya kompyuta inayonyoosha sauti ya mwimbaji, ilitoka 1997, kazi ya Andy Hildebrand, mtu aliyekuwa akichakata mawimbi ya ardhini kwa ajili ya watafuta mafuta. Mwaka uliofuata mwimbaji Cher akaitumia kwa makusudi, bila kuificha, na ulimwengu ukasikia. Mimi nilikuwa nasema wanaimba kama roboti. Kisha nikasoma kuhusu maikrofoni. Kabla ya kurekodi kwa umeme kuanza mwaka 1925, mwimbaji alitakiwa kupaza sauti ijaze chumba. Maikrofoni ikaruhusu mtu aimbe kama ananong'ona, na wapo waliochukizwa kwelikweli. Mwaka 1932 Kadinali William O'Connell wa Boston aliwashutumu hadharani waimbaji wa mtindo huo. Leo sauti ile ya kunong'ona tunaiita ya hisia, ya kiutu. Nilisoma hapo mara mbili, nikafunga kompyuta, nikakaa gizani kidogo nikijionea aibu.

Sitaki nionekane nimeokoka kabisa. Bado naamini kuna nyimbo zinazotengenezwa ili sekunde kumi na tano zake zichezwe kwenye TikTok na zilizobaki ni maganda. Hizo zinawatesa DJ kwa namna yake: ukumbi unalipuka kwa kipande kile, kisha watu wanasimama wanaangaliana. Dawa niliyoipata ni kutoka mapema. Kipande kikiisha, wimbo mwingine uwe tayari mlangoni.

Sasa nije kwenye kilichorudisha kazi yangu, maana kusoma peke yake hakujazi ukumbi. Kilianzia kwenye habari moja ya chati za Marekani. Mpaka mwaka 1991, jarida la Billboard lilitegemea maduka yaripoti yenyewe ni albamu zipi zinauzwa sana, yaani muuza duka anaulizwa naye anasema. Mwaka huo wakahamia kwenye hesabu za mashine za malipo, msimbo wa kila albamu ukisomwa inaponunuliwa. Mara hip hop na muziki wa country vikapanda kuliko ilivyodhaniwa, na Juni mwaka huohuo kundi la hip hop la N.W.A likashika namba moja. Wanunuzi walikuwepo siku zote. Hawakuwa wamehesabiwa.

Nikajiuliza mimi nahesabuje. Jibu lilikuwa la kusikitisha: nilihesabu waliokuja mezani kunipongeza. Na nani huja mezani kumpongeza DJ? Wanaume wa rika langu, glasi mkononi, wanaosema "umenikumbusha mbali sana". Walikuwa wanne au watano kila sherehe, na kwa miaka kumi wao ndio waliokuwa chati yangu.

Nikanunua daftari la shule. Kila wimbo naandika saa, kasi yake, na idadi ya waliosimama au kukaa ndani ya dakika ya kwanza. Naangalia miguu, uso wa mtu ukumbini hudanganya. Mtu hutabasamu kwa heshima huku miguu yake imekunjwa chini ya kiti. Msaidizi wangu aliniona nimechanganyikiwa. Lakini kwenye sherehe ya saba au ya nane daftari likaanza kusema. Wimbo wa zamani haukuwa unafukuza watu kwa uzamani wake. Walikuwa wanakaa pale ninaporuka kasi, kutoka mapigo 92 kwa dakika hadi 126 kwa mkupuo mmoja, kama dereva anayekanyaga mafuta abiria wakiwa wamesimama. Nilipoanza kupanda ngazi kwa ngazi, mapigo matatu, manne, wa 1985 na wa juzi walikaa meza moja bila ugomvi. Nyimbo zenye kasi ya 110 hadi 115, ambako amapiano nyingi huangukia, zikawa daraja langu: wazee wanapumua, vijana hawaondoki.

Jingine ni hesabu ya umri, na hili nalifanya kabla hata ya kupanga bei. Wanasaikolojia wamegundua kwamba kumbukumbu za ujanani hukaa kwa nguvu kuliko za miaka mingine, na muziki wa balehe na ujana wa mwanzo hung'ang'ania zaidi. Kwa hiyo namuuliza mwenye sherehe: wageni wengi wamezaliwa miaka gani? Najumlisha 15 juu yake. Waliozaliwa 1975, nawatafuta kuanzia 1990; wa 1998, kuanzia 2013. Kuanzia hapo nachukua kama miaka minane mbele. Haikosei sana. Inapokosea, ni kwa watu waliokulia kwenye nyumba zenye kaka wakubwa, maana hao walirithi nyimbo za kaka.

Na wapo wanaopokea wimbo kutoka mahali usipopategemea. Katikati ya 2022 binti yangu, wakati huo ana miaka 18, aliniletea kwa furaha "wimbo mpya". Ulikuwa wa mwimbaji Mwingereza Kate Bush, wa 1985. Ulikuwa umetumika kwenye tamthilia ya televisheni na ukapanda mpaka namba moja Uingereza, miaka 37 baada ya kutoka. Nilifungua mdomo nimwambie, "Huo mimi naujua tangu..." nikaumeza. Kwake ulikuwa mpya kweli, na ningeuzeesha kwa sentensi moja. Tangu hapo sherehe yangu haina tena saa ya "zilipendwa". Hilo neno nimelitoa kwenye vipeperushi vyangu, ingawa wakongwe wengine wananiambia nimewasaliti. Nyimbo zenyewe nazipiga kila wiki, naziingiza tu bila kuzitangazia umri.

Mzee aliyenifundisha kazi nilikuwa sijamtembelea kwa miaka mingi. Aibu ilikuwa ile ya 1992 na mingine ya baadaye: sidii zilipokuja yeye alikataa, akasema haziwezi kushikika kama muziki, kazi zikamkimbia zikaja kwangu, nami sikumtetea. Nilimcheka. Baada ya mwaka 2018 nilimwelewa kuliko mtu yeyote.

Aliyenipeleka kwake ni binti yangu tena. Mwaka 2023 alianza kudai santuri, yeye na wenzake. Marekani mwaka uliotangulia zilikuwa zimeuzwa santuri nyingi kuliko sidii kwa idadi, mara ya kwanza tangu 1987, na homa ilikuwa imemfikia kupitia simu ileile inayoruka nyimbo. Nikamwambia namjua mwenye nazo.

Mzee alitupokea kana kwamba tuliachana juzi. "Kijana, umenenepa," akaniambia mimi, mwenye mvi. Mashine yake ilikuwa imefunikwa kitambaa. Akamwonyesha binti namna ya kushika santuri kwa kingo, vidole visiguse mifereji, akampa kibrashi apanguse vumbi kwa kufuata mzunguko. Kisha akamwambia ashushe sindano mwenyewe. Mkono wa binti ulitetemeka, sindano ikagonga, ikaparuza, ikatulia. Gitaa moja likaanza, polepole, likaungana na la pili. Sauti ya mtu haikuja. Nusu dakika ikapita. Nikamwona binti kidole gumba kinasogea chenyewe pajani, kushoto kwenda kulia, kinatafuta mahali pa kugusa.

"Bado," mzee akasema, macho yamefumbwa. "La tatu halijaingia."